Jawabu la Msomaji kwa Riwaya

Katika ukuta wa nyuma wa darasa moja nililopata kulifundisha palibandikwa picha arobaini na mbili za nchi ya Kusadikika. Wanafunzi walikuwa wamemaliza muda wa kuisoma riwaya hiyo ya Shaaban Robert, nami nikawapa kazi ya kuonyesha kwa ufundi wa mikono yao jinsi kitabu kilivyowaingia. Palikuwa na mawingu ya pamba, minazi ya karatasi ya kijani, kasri ya mfalme yenye madirisha ya rangi ya dhahabu, na ndege waliopita chini ya nchi hali wamekunjua mbawa zao. Wageni waliotembelea shule walizisifu picha hizo, nami nikafurahi kama mwenye shamba aonaye maua, nikasahau kwamba ua si tunda. Siku ya pili nilimwuliza mchoraji aliyesifiwa kuliko wenzake: Je, wajumbe waliotumwa na nchi hii walikuwa wangapi, na waliporudi walipelekwa wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za safari ya jirani. Hakuwa amesoma ila kurasa chache za mwanzo. Kwamba nchi iliyosimuliwa iko angani alilisikia kwa mwenzake wa dawati moja, na hilo peke yake lilimtosha kuchora picha nzuri.

Kosa lilikuwa langu kuliko lake. Nilitoa kazi iwezayo kufanywa na mtu asiyesoma kitabu, na mtu asiyesoma kitabu akaifanya kwa ustadi. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo nataka kulifikiri pamoja nawe, msomaji kijana, maana kazi za namna hii zazidi kutolewa katika shule zetu, na mtaala wa umilisi ulioanza kufuatwa nchini Kenya katika miaka ya karibuni wazitaka kuliko mitaala iliyoutangulia. Ni lini kazi ya ubunifu huwa jawabu la kweli kwa riwaya, na ni lini huwa pambo lililotundikwa juu ya kitabu kilichofungwa?

Wako watu ambao wakisikia kisa cha picha zile husema: Basi tuurudie mtindo wa zamani, wanafunzi waandike maudhui na sifa za wahusika, yaishe. Siwezi kukubaliana nao upesi. Nimewajua wanafunzi waliotaja dhamira nane za riwaya moja na sifa sita za kila mhusika hali riwaya yenyewe hawakuifungua, kwa kuwa yote waliyakariri katika mwongozo mwembamba ulioandikwa na mtu aliyesoma kwa niaba yao. Wa mwongozo na wa minazi ya karatasi ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wameizunguka nyumba wakaeleza rangi ya kuta zake, lakini hapana hata mmoja aliyebisha hodi. Tofauti yao ni kwamba wa mwongozo hupata alama katika mtihani, na kwa sababu hiyo hila yake yachukua muda mrefu zaidi kugunduliwa.

Kabla ya kutafuta dawa mbali, yafaa tukumbuke kwamba kuujibu utungo kwa utungo si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alijibizana na washairi wa Lamu katika siku ambazo miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama, na ada ya kujibizana kwa mashairi haikufa naye. Magazeti ya Kiswahili yameiendeleza katika kurasa zao za washairi hata zama zetu. Angalia sheria ya mchezo huo. Mjibuji hakuruhusiwa kuimba lolote lililomjia kinywani. Aghalabu aliufuata mwendo wa mizani na vina vya mwenzake, akalishika neno lililomchoma, akaligeuza, akalirudisha lilikotoka. Shairi lisilogusa hoja ya shairi la kwanza, hata likiwa tamu kama asali, halikuhesabiwa kuwa jawabu. Wasikilizaji walikuwa waamuzi wakali, kwa sababu wao nao walilijua shairi la kwanza kwa moyo. Basi mtu hakuweza kujibu bila kusikiliza, na aliyesikiliza nusu alijulikana mara moja kwa nusu aliyoiacha.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitaka kwa kazi ya mwanafunzi. Kazi ni njema ikiwa haiwezi kufanywa na mtu ambaye hakusoma, na ni njema zaidi ikiwa yamlazimisha aliyesoma kukirudia kitabu ili kutafuta jambo ambalo mara ya kwanza hakuliona. Mengine yote, kama vile unadhifu wa karatasi, uzuri wa rangi na ukubwa wa sauti jukwaani, ni mambo ya kushukuriwa yakiwapo na ya kusamehewa yakikosekana.

Nitaeleza kazi nilizozijaribu kwa kitabu kilekile kilichoniaibisha. Kwa faida ya asiyekisoma niseme kwa ufupi kwamba Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, ni hadithi ya nchi iliyo angani. Mtu mmoja, Karama, ameshtakiwa mbele ya mfalme kwa sababu anawafunza watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa njia ya ajabu: hajitetei kwa habari za nafsi yake, bali asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na Kusadikika pande sita, nne za dunia, ya tano juu mbinguni na ya sita chini ardhini. Kila mjumbe alikwenda kwa taabu, akajifunza mambo ya kuifaa nchi yake, akarudi akitumaini shukrani, akapata kifungo. Mwishoni mfalme anatambua udhalimu uliotendeka. Karama anaachiliwa, na wajumbe nao wanafunguliwa.

Mara ya pili nilipokifundisha kitabu hiki sikuomba picha. Niliomba hotuba ya Majivuno. Nilisema: Jifanye wewe ndiye waziri, usiku wa kuamkia siku ya mashtaka, nawe waamini kwa moyo safi kwamba Karama ni hatari. Andika utakayoyasema kesho, wala usiweke katika kinywa chake neno ambalo mtu wa Kusadikika hangeweza kulisema.

Wengi walinipa mtu mwovu acheke kicheko cha uovu. Walimwandika Majivuno kana kwamba jina alilopewa na mwandishi lamaliza habari zake, na kweli majina ya Shaaban Robert yana hatari hiyo: Karama, Majivuno, Amini, Ridhaa, msomaji mvivu akishayafahamu majina hudhani ameshawafahamu watu. Lakini msichana mmoja, mkimya ambaye katika insha zake za kawaida hakuwa na jambo la kukumbukwa, aliandika hotuba iliyonikalisha kitako. Waziri wake alianza kwa kuheshimu baraza, akataja taratibu, akaomba mashahidi wa upande wake wasikilizwe kwanza, akasisitiza kwamba mshtakiwa asihukumiwe nje ya utaratibu. Katikati ya hotuba waziri huyo alinyamaza ghafula. Msichana aliandika kwamba alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa akiitumia sheria kuishtaki elimu ya sheria. Alihitaji baraza lile lile ambalo ujuzi wake alitaka uwe jinai kwa mtu mwingine.

Nimezisoma baadhi ya tahakiki za kitabu hiki zilizoandikwa na watu wazima wenye elimu, na ni chache zilizoligusa fundo hilo kwa wepesi kama alivyoligusa yeye. Naye hakulipata kwa kuambiwa atafute kinaya. Alilipata kwa sababu alilazimishwa kumtafutia Majivuno maneno, na kila neno alilolitafuta lilikuwa neno la mwanasheria. Kazi ya ubunifu ilimfikisha mahali ambapo swali la uhakiki lilikuwa limemkimbia.

Kazi ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Baada ya kusomewa hotuba hiyo, darasa lilianza kuuliza ni nani anayesema katika Kusadikika na ni nani asiyesema. Majivuno husema, mfalme husema, Karama husema kuliko wote. Wajumbe sita, ambao maumivu yao ndiyo ushahidi wa kesi nzima, wako gerezani. Safari zao twazisikia kwa kinywa cha wakili. Nikawaambia basi wachague mjumbe mmoja, waandike barua kutoka kifungoni kwenda kwa Karama. Walioandika barua za shukrani tu walikuwa wengi, wala siwalaumu. Mmoja alimfanya mjumbe wake aulize: Nani alikupa idhini ya kuisema habari yangu? Umesema kwamba nilipokuwa njiani nilikuwa na ushujaa. Mimi nilikuwa na hofu. Umeuacha usiku niliotaka kurudi nyumbani, kwa sababu usiku huo haukufai katika kesi yako.

Hapo darasa liligawanyika. Wako walioona kwamba mwandishi wa barua amemwonea Karama, mtu aliyekihatarisha kichwa chake. Wengine walisema kwamba mtetezi mwema naye aweza kumnyamazisha amteteaye. Niliwaacha wabishane hata kengele ikalia. Mabishano yale yalikuwa juu ya usimulizi, juu ya nani ana haki ya kuwa msimulizi wa mateso ya mwingine, wala hapana aliyelitaja neno usimulizi.

Ilinipasa hata hivyo kuwakumbusha kwamba wafungwa wa kweli wamepata kuandika. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya yaelekea wapi. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalitolewa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na diwani hiyo ikaja kupata tuzo ya fasihi yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Wanafunzi wangu hawakuwa wakijua habari hiyo. Baada ya kuisikia, wawili kati yao waliomba barua zao zirudishwe ili wazirekebishe. Walisema wajumbe wao walilia kupita kiasi, na kwamba mfungwa wa kweli huchagua maneno kwa kuwa karatasi ni haba. Sikuwafundisha hilo. Walilijua walipotambua kwamba kalamu ya mfungwa si jambo la kubuni tu.

Msomaji asidhani kwamba kumpa kalamu mhusika aliyenyamazishwa ni mchezo wa shule peke yake. Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alitoa mwaka 1966 riwaya ya Wide Sargasso Sea, akampa maisha na sauti mke aliyefungiwa darini katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, kitabu cha mwaka 1847. Miaka ishirini baadaye J. M. Coetzee aliijibu hadithi ya Robinson Crusoe kwa riwaya yake Foe. Hawa walikuwa watunzi wakomavu, na wote walifanya jambo lile lile: walisoma mpaka wakaona mtu aliyesimama pembeni ya ukurasa, wakamwendea.

Narudi kwenye picha, kwa maana sitaki nionekane mtu mwenye kinyongo na rangi na gundi. Mwaka mwingine nilitoa kazi ya ramani, kwa sharti moja: ramani ionyeshe njia za wajumbe wote sita. Vijana watano waliokuwa wakifanya kazi pamoja walikwama siku ya kwanza. Karatasi ina pande nne. Mjumbe wa tano huchorwaje, naye amekwenda juu? Na wa sita, aliyeshuka chini? Walijaribu kuchora mishale mikubwa, wakaona haya. Mwishowe waliliacha wazo la karatasi, wakakata ubao wa kadibodi, wakautundika kwa kamba kwenye boriti ya darasa, kisha wakafunga nyuzi sita: nne zikaenda kwenye kuta, moja darini, moja sakafuni. Kwa mwezi mzima tuliinama tulipopita chini ya Kusadikika.

Faida ya kadibodi ile haikuwa uzuri, maana ilikuwa imepinda kama dema kuukuu. Faida yake ilikuwa kwamba nyuzi sita zilirudi zote mahali pamoja. Walipotafuta mahali pa kuzifunga ndipo walipoona kwamba kila safari ya kitabu hicho yaishia gerezani, wakachora gereza katikati ya nchi, kubwa kuliko kasri. Nikawauliza kama mwandishi amesema kwamba gereza lilikuwa kubwa kuliko kasri. Wakasema hakusema, ila ndilo linalotembelewa na watu wengi zaidi katika kitabu. Jawabu hilo niliona lafaa kupewa alama zote.

Sasa niseme neno juu ya wizi, maana kazi hizi zina mlango wake wa nyuma. Wanafunzi wa Kenya wengi wameisoma Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, nao watakumbuka kwamba Amani aliandika mswada, na Majisifu akautwaa akautoa kwa jina lake. Nilipata kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika shajara ya Majisifu kwa siku saba baada ya kitabu kile kusifiwa. Shajara mbili zilifanana neno kwa neno, hata makosa ya tahajia. Niliwaita wenye nazo, nikawaomba wanisomee kwa zamu mahali ambapo Majisifu aona aibu kwa kuiba maneno ya mwingine. Wa kwanza alisoma mistari mitatu, akaacha. Sikuona haja ya kuongeza adhabu. Leo mwanafunzi hana haja hata ya kumwibia jirani. Aweza kuiagiza programu ya kompyuta, ikamwandikia shajara kabla chai haijapoa. Sina silaha dhidi ya programu hiyo ila swali lile lile nililomwuliza mchoraji wa minazi, tena kwa mdomo, mwanafunzi akiwa na kitabu mkononi: Nionyeshe ukurasa uliokufanya uandike hivi. Aliyesoma hufungua. Asiyesoma hupekua.

Walimu wenzangu wana malalamiko ya haki. Husema darasa lina wanafunzi zaidi ya hamsini, mwaka ni mfupi, na karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE haiulizi ramani wala barua. Ni kweli. Lakini karatasi hiyo huuliza dondoo: hutoa maneno machache ya kitabu na kumtaka mtahiniwa aeleze muktadha wake, nani amesema, akamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyekesha akimtafutia Majivuno maneno hahitaji kukariri jibu la swali hilo. Amekuwa ndani ya baraza. Hata hivyo sishauri kazi nyingi. Kazi moja kwa riwaya moja yatosha, nayo itolewe baada ya kusoma mara ya pili, wala isitolewe kuwa zawadi ya kuwapumzisha waliochoka kusoma. Na ile desturi ya kuwapa wanafunzi orodha ya kazi ishirini wachague waipendayo, mimi siipendi hata kidogo. Mtu mwenye njaa ya usingizi huchagua kitanda.

Nimeiacha kwa makusudi kazi ipendwayo kuliko zote, nayo ni kubadili mwisho wa hadithi. Ni rahisi kuitoa, na wanafunzi huifurahia, na mara tisa katika kumi huzaa upuuzi. Waliokufa hufufuka, masikini huokota fedha, wapenzi waliotengana hukutana uwanja wa ndege. Ubaya wa miisho hii si kwamba ni ya furaha. Ubaya wake ni kwamba haina mizizi katika kitabu. Yaweza kubandikwa nyuma ya riwaya yoyote, kama tiketi ya basi iliyosahauliwa ndani yake.

Hata hivyo kundi moja la wavulana lilinifanya nisiitupe kazi hii. Walimnyonga Karama. Walifanya hivyo kwa sentensi nne, bila machozi, na nilipowauliza sababu walijibu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Walisema mfalme wa Shaaban Robert ni mfalme wa hadithi. Wafalme wa kweli hawasikilizi siku nyingi namna ile, na wakisikiliza hawageuki. Sikuweza kuwakemea. Nilikuwa nimewaeleza mimi mwenyewe habari za Abdilatif Abdalla. Nilikuwa nimewaeleza pia kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1977, baada ya mchezo wake na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, akazuiliwa bila kushtakiwa karibu mwaka mzima. Vijana walikuwa wameihesabu historia waliyopewa, na hesabu yao haikuwa na kosa.

Lakini niliwaonyesha gharama ya kamba yao. Shaaban Robert aliandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika, miaka kumi kabla ya uhuru wa mwaka 1961, naye alifariki mwaka 1962. Hapana shaka wasomaji wengi wameiona Kusadikika kuwa kioo cha utawala wa siku zile. Mtu aliye katika hali hiyo, akiandika kitabu ambacho neno lililosemwa vema lafungua mlango wa gereza, huenda hajui ukali wa wafalme. Na huenda aujua sana, akakataa kuupa neno la mwisho. Ukimnyonga Karama, nikawaambia, umezigeuza hadithi sita kuwa kelele. Kitabu kizima kimejengwa juu ya imani kwamba msikilizaji aweza kubadilika akisikia ya kutosha. Mwaweza kuikataa imani hiyo, nami sitawanyima alama kwa kuikataa. Ila mtakataa kwa ushahidi. Nionyesheni ni katika hadithi ya mjumbe yupi mfalme alipoacha kusikiliza.

Walikaa na kitabu juma zima. Niliwaona wakibishana chini ya mwembe saa ya mapumziko, kurasa zimekunjwa pembe. Waliporudi walikuwa na mwisho mpya wa kurasa kumi na moja. Karama alinyongwa bado. Lakini sasa kesi ilikuwa imepangwa siku kwa siku, na mfalme alionekana akiegemea mbele katika hadithi ya kwanza, akauliza maswali katika ya pili, akamtazama Majivuno kwa hasira katika ya tatu. Katika ya nne alisinzia. Majivuno aliona, akanyamaza, akaacha utetezi uendelee kwa adabu zote hata mwisho, kwa kuwa kesi ilikuwa imekwisha.

Jambo la mfalme kusinzia halimo katika kitabu, wala wavulana hawakudai kwamba limo. Lakini niliona wamegusa kidonda ambacho wahakiki wamekigusa kwa maneno mazito zaidi. Safari sita za Kusadikika zafuata mwendo mmoja: mjumbe hutumwa, huteseka, hujifunza, hurudi, hufungwa. Msomaji akishamaliza mbili aujua mwisho wa zile nyingine. Aweza mtu kumtetea mwandishi kwa kusema kwamba mfungwa mmoja ni bahati mbaya na wafungwa sita ni desturi ya nchi, kwamba bila marudio hayo kesi ya Karama haisimami. Mimi naukubali utetezi huo, na nimeutumia darasani miaka mingi. Lakini kuna tofauti kati ya hoja kusimama na msikilizaji kukaa macho, na hiyo ndiyo tofauti ambayo wavulana wale walimnyongea mtu.

Nilimwuliza kiongozi wao kwa nini walichagua hadithi ya nne, wala si ya tatu au ya tano. Nilidhani angeniambia habari za ujumbe wake, au za njia aliyopita mjumbe. Alijikuna kichwa, akatazama chini.

"Mwalimu," akasema, "hapo ndipo nilipolala mimi."

Niliwapa alama kumi na nane kwa ishirini. Usiku ule, baada ya chakula, niliitoa Kusadikika rafuni, nikaifungua mahali pa mjumbe wa nne, nikasogeza taa karibu.